Chokoleti Nyeusi na Moyo wa Mzee Sabini

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka langu la ushonaji, na umebonyea katikati kwa makalio ya watu wale wale. Mwisho wa kushoto hukaa Breki, aliyeendesha malori miaka ishirini na sasa anauza kahawa kwa birika lile lile alilokuwa akisafiri nalo. Anafuata Daktari, ambaye hajasomea udaktari hata wa kuku. Chuo chake ni simu. Kisha Fundi Saa na kijimeza chake chenye kioo, bisibisi ndogo kama sindano zangu, na saa za watu zilizofunguliwa matumbo. Mwisho wa kulia, mgongo ukutani, ni pa Mzee Sabini. Mimi naitwa Uzi. Nakaa mlangoni na cherehani, mguu kwenye pedali na sikio kwao. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mawingu na kaubaridi, alasiri, manyunyu yanakuja na kukatika, na kama kila siku Mzee Sabini alikuwa ameleta chokoleti.

Jina la Sabini si la umri, ni la moyo. Zamani sana Fundi Saa aligundua kwamba moyo wa shemeji yake unapiga mara sabini kwa dakika, haupandi, haushuki. Hata jioni tuliyomzika dada wa Mzee Sabini, ambaye ndiye aliyekuwa mke wa Fundi, wawili hao walikaa nyuma ya nyumba wakapimana, ikawa sabini. Tangu hapo Fundi akimaliza kutengeneza saa yoyote, husema, "Shemeji, lete mkono," akamshika kifundo, akahesabu mapigo huku anatazama mshale. Yakifika sabini kwa dakika, saa inarudi kwa mwenyewe. Yasipofika, au yakizidi, saa inafunguliwa tena. Saa zote za mtaa huu zimepita kwenye mkono ule, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika.

Miezi miwili nyuma Mzee Sabini alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi. Hospitali wakampa kadi arudi Jumanne apimwe moyo kwa mashine. Akaileta kadi kijiweni tuitazame. Daktari akaisoma, akacheka.

– Mashine ya nini, mzee? Moyo unaopima saa za mtaa mzima, nani wa kuupima? Kula chokoleti nyeusi. Imeandikwa hapa. Kipande kimoja kila siku, moyo unakuwa wa kijana.

Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi, na hilo sitajisamehe. Kadi ikakunjwa ikarudi kwenye mfuko wa shati, mfuko nilioushona mimi, na Jumanne ikapita. Binti wa Mzee Sabini anafanya kazi kwenye duka la peremende mji mwingine. Akamtumia boksi zima, zile nyeusi ti, zilizogongwa herufi juu.

Basi siku hiyo alikata mche wa chokoleti, akatugawia kipande kipande.

– Kuleni kabla haijayeyuka, akasema.

Akaegemea ukuta. Chake hakukitia kinywani. Meno yamebaki machache, kwa hiyo ana mtindo wake: hukilaza kiganjani, mkono juu ya goti, akakiacha kilainike kwa joto la mkono ndipo akilambe. Kila siku kiganja chake huwa kimepakaa kahawia kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. Breki akamwekea kahawa pembeni, na mazungumzo yakaanza.

– Mnaona, akasema Daktari, akitelezesha kidole kwenye simu. Kokoa inatanua mishipa. Damu inapita bila kusukumana. Lakini iwe hii chungu, si ile ya maziwa wanayopewa watoto wanyamaze.

– Chungu kama kosa la jana, akasema Breki, akikunja uso. Lakini wahenga walisema, dawa ya moto ni moto.

– Hapo moto uko wapi?

– Maisha machungu, dawa yake chungu. Wewe husomi alama za barabarani?

– Nasoma hapa kwamba inasaidia ubongo pia. Kumbukumbu.

– Basi kula viwili, maana jana umeondoka na kikombe changu.

Fundi Saa hakucheka. Alikuwa ameinamia saa ya mkono ya karani mmoja, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

– Jamani, mimi nina taabu, akasema. Mwezi huu kila saa inayofika kwangu inakimbia.

– Inakimbia vipi? nikauliza.

– Inakimbia. Naitengeneza vizuri, namshika shemeji, nahesabu. Dakika ya saa inaisha kabla sabini haijafika. Mwanzo wa mwezi sitini na sita. Wiki iliyopita hamsini na tisa. Juzi hamsini na mbili. Ndiyo kusema mshale una haraka. Napunguza mwendo, napunguza, mpaka sabini itimie. Kesho inakuja saa nyingine, nayo ina wazimu ule ule.

– Labda si saa, akasema Daktari.

– Ni nini?

– Labda ni yeye. Mishipa imetanuka, moyo umestarehe. Kwa nini ukimbie wakati njia ni nyeupe?

Fundi Saa akaondoa kioo jichoni.

– Moyo wa shemeji haubadiliki. Haukubadilika siku ya msiba, ubadilike kwa peremende?

– Si peremende, ni tiba.

– Haubadiliki!

Alipaza sauti, na Fundi si mtu wa kupaza sauti.  Mzee Sabini alikaa macho nusu yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Breki akaona apoze mambo.

– Hata kama umepungua, ni heri tupu. Mimi nimeendesha malori. Injini ikinguruma polepole haichakai. Kila mtu kapewa mapigo yake kwa hesabu, sivyo? Sasa mwenzenu anayatumia kidogo kidogo. Kawia ufike!

– Hapo umesema kweli, akadakia Daktari. Mtu wa mapigo sabini akifika miaka themanini, wa mapigo arobaini atafika mia na arobaini. Ni hesabu tu.

– Na wa mapigo ishirini?

– Huyo atatuzika sote, na wajukuu wetu.

– Na wa kumi?

– Breki, huyo hafi.

Wakapeana mikono kwa furaha. Nami nikaendelea kuingiza uzi kwenye sindano, nikajiambia ni porojo tu.

– Ndiyo maana hata kula hali siku hizi, akasema Breki. Jana nimempa andazi, kalirudisha. Chokoleti imemtosheleza.

– Kawaida. Imeandikwa.

– Na usingizi! Zamani alikuwa anatubishia mpaka mate yanaruka. Sasa anasinzia hapo hapo.

– Usingizi ni dalili ya afya. Mtoto mchanga halali?

– Na mdomo je? nikauliza mimi.

Wakamtazama. Midomo ya Mzee Sabini ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyofifia, na kucha pia.

– Chokoleti hiyo, akasema Daktari. Imempaka.

– Leo hajala bado.

– Ya jana, Uzi. Nyeusi inadumu. Wewe mshonaji hujui rangi inayodumu?

Naijua rangi inayodumu, na ile haikuwa rangi. Lakini nilikuwa na suruali ya mtu mkononi na maneno ya Daktari yalikuwa matamu kuliko niliyoyaona. Nikarudisha mguu kwenye pedali.

Fundi Saa akafunga mgongo wa saa ya karani, akaipangusa kwa kitambaa.

– Shemeji, lete mkono.

Mzee Sabini hakuuleta. Mkono wa kulia ulikuwa na chokoleti juu ya goti. Fundi akauchukua wa kushoto mwenyewe.

– Baridi huu! akasema.

– Mishipa ikitanuka joto linatoka, akasema Daktari. Mwili unapoa kama tanuri lililoachwa wazi.

– Mtulivu hana makuu, akaongeza Breki, methali ambayo mpaka leo sijui aliitoa wapi wala alitaka kuipeleka wapi.

Fundi akahesabu. Midomo yake huwa inachezacheza anapohesabu, na siku zote naisoma tokea mlangoni. Mshale ukazunguka. Midomo ikacheza, ikasimama muda mrefu, ikacheza tena. Mshale ulipomaliza duara, Fundi alibaki amekishika kile kifundo.

– Ngapi? nikauliza.

– Saa hii ni mbovu kuliko zote, akasema. Inakimbia kama imeiba kitu.

– Ngapi, Fundi?

– Ishirini na tatu.

Akaifungua tena saa. Akavuta kile kidude cha kupunguza mwendo, akakivuta mpaka nikasikia kinakwaruza.

– Kimefika mwisho, akasema. Hakipungui tena.

Lakini akaendelea kukivuta. Miaka yote nimemwona akiokota kwa koleo misumari midogo kama mbegu ya mchicha, sijawahi kumwona akilazimisha kitu kilichofika mwisho. Hapo ndipo nilipojua kwamba Fundi anajua. Alikuwa anavuta kile kidude kama mtu anayevuta mlango usifunguliwe kutoka nje.

– Sikilizeni, akasema, bila kutazama mtu. Nimefikiri sana. Si saa, wala si shemeji. Ni wakati. Wakati wenyewe ndio umeanza kukimbia.

– Eeh?

– Taarifa ya habari siku hizi inaanza kabla ya saa yake. Mmeona? Jua linazama watu hawajamaliza kazi. Jumatano karani alifika kazini akakuta mlango umefungwa, wenzake wamekwisha kuingia. Dunia nzima inakwenda mbio. Mmoja tu ndiye amekataa.

– Mzee Sabini, akanong'ona Breki.

– Shemeji yangu. Yeye ndiye mwenye dakika ya kweli. Chokoleti inamshikilia pale pale. Sisi tunaporomoka, yeye amesimama.

– Simu yangu nayo! akasema Daktari. Iko mbele. Nilidhani mtandao.

– Umeona?

– Kwa hiyo dakika ya mtu anayekula chokoleti nyeusi...

– Inanenepa.

– Inanenepa! Basi akila sana, dakika moja inaweza ikawa siku.

– Inaweza isiishe kabisa, akasema Fundi Saa.

 Manyunyu yalirudi, yakipiga pembeni, na sote tukavuta miguu ndani ya kivuli cha bati. Mzee Sabini hakuvuta. Ncha za viatu vyake zikalowa, matone yakapanda mpaka kwenye upindo wa suruali. Kikombe chake kilikuwa hakitoi moshi tena. Nilitaka kumwita. Ukweli ni kwamba sikumwita kwa kuogopa asije akakosa kuitika.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kukaa kijiweni petu, kanga ya kichwani ina vumbi la unga, ameshika saa ya mezani, ile ya kuzungusha ufunguo mgongoni. Ilikuwa inalia tiki, tiki, kwa kishindo, tangu akiwa ng'ambo ya barabara.

– Habari zenu, wazee.

– Nzuri, mama. Karibu, karibu, akasema Breki kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa dirisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa upate kahawa.

– Sikai. Shikamoo, mzee, akamwambia Mzee Sabini, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Akasubiri. Nasi tukasubiri. Mzee Sabini hajawahi kuidharau shikamoo ya mtu, hata ya mtoto mwenye makamasi.

– Atakuitikia, akasema Fundi Saa upesi. Mpe nafasi. Siku hizi marahaba yake inachukua muda.

Yule mama akamtazama Fundi, kisha akaiweka saa juu ya kijimeza.

– Nimekurudishia saa yangu. Umenitengenezea juma lililopita. Mimi napika keki, kazi yangu inakwenda kwa dakika. Tangu umeigusa nimeunguza keki tatu, moja ya harusi. Naweka dakika arobaini, nafungua tanuri nakuta mkaa. Saa inachelewa.

– Haichelewi, akasema Fundi. Ni tanuri lako linalowahi.

– Tanuri langu halina haraka. Uliisahihisha kwa kitu gani?

– Kwa mkono wa shemeji yangu. Moyo wake unapiga sabini kwa dakika.

– Nani amesema ni sabini?

– Nimepima mimi.

– Ulipima kwa kitu gani?

– Kwa saa.

– Saa ipi?

– Saa zangu hizi.

– Ambazo unazisahihisha kwa moyo wake.

Fundi Saa akarudisha kioo jichoni. Breki akashughulika na birika ambalo halikuwa na haja ya kushughulikiwa. Mimi niliinuka kwenye cherehani, suruali ya mtu ikaanguka chini.

– Mama, kula chokoleti, akasema Daktari, akimnyooshea kilichobaki. Imebaki kidogo. Ni nzuri kwa moyo.

– Naijua chokoleti, baba. Naiyeyusha kila siku.

Lakini hakuwa anaitazama ile aliyopewa. Alikuwa anatazama mikono yetu. Vidole vya Breki vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye viungo, ingawa kipande chake alikishika kitambo kidogo tu. Simu ya Daktari ilikuwa na alama za vidole. Hata mimi nilikuwa nimepaka suruali ya mteja. Kisha akamtazama Mzee Sabini, akainama mbele yake taratibu, mikono juu ya magoti yake mwenyewe.

– Mzee huyu ameshika hiki tangu saa ngapi?

– Tangu saa tisa, nikasema.

– Na sasa ni saa ngapi?

Breki akatazama mkononi, akasema tisa na nusu. Saa za juu ya kijimeza kila moja ilikuwa na lake. Daktari akasoma simu yake, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiisoma kwa sauti ndogo.

– Kumi na robo.

Kipande kilikuwa pale pale katikati ya kiganja, cheusi, kona zake nne zimesimama wima, herufi juu yake zinasomeka. Kiganja kilikuwa safi.

– Mimi siulizi habari za saa tena, akasema yule mama. Nauliza hiki tu. Mkono wa mtu unayeyusha chokoleti kabla hujamaliza kuhesabu mia mbili. Mbona cha mzee huyu hakijayeyuka?

Daktari aliinua simu, akaitazama, akaishusha. Breki, mwenye methali ya kila kitu, akaweka birika chini. Mimi nilikuwa naangalia mfuko wa shati la Mzee Sabini, pale pembe ya kadi ya hospitali ilipochungulia, na machozi yalikuwa yananitoka sina habari.

Fundi Saa akasogea kwenye ubao mpaka akakutana bega kwa bega na shemeji yake.

– Shemeji, akasema polepole. Lete mkono.

Akauchukua wa kulia. Ulikuja mzito. Chokoleti ikaanguka kwenye matofali ikapasuka vipande viwili, kwa mlio mkavu. Fundi akaweka vidole vyake viwili pale anapoviweka siku zote, akaivuta karibu saa ya mezani ya yule mama, akakaza macho kwenye mshale. Tukamwacha. Midomo yake ilijiandaa kuhesabu, ikakaa hivyo hivyo, nusu wazi. Tiki, tiki, tiki. Niliisikia kutoka mlangoni, nadhani hata waliokuwa wakipita barabarani waliisikia. Mshale ukamaliza duara. Ukaanza lingine, ukalimaliza.

Fundi akaigonga saa kwa kidole. Akaiinua akaiweka sikioni, mkono mwingine bado umeshika kifundo cha shemeji yake, akasikiliza kwa muda mrefu sana.

– Mama, akasema, saa yako imesimama.